Macho Mawili Ukutani kwa Wamuyu

Wamuyu hakutaka mtu amwambie nyumba yake ina moshi. Ungeweza kumwambia bati zimeoza, angecheka. Ungemwambia mbuzi wake ameingia kwenye sukuma wiki ya jirani, angekuuliza, sukuma gani, ile iliyojaa wadudu? Lakini neno moshi lilimkaa kooni tangu siku ile daktari wa kifua alipompima Gathogo, mume wake, kisha akamgeukia yeye na kuuliza, "Mama, nyumbani mnapikia nini?"

"Gas," akasema Wamuyu.

Gathogo alikohoa pale kitandani. Labda alikohoa tu, maana siku hizo kukohoa ndiko kulikuwa kazi yake. Labda alitaka kucheka. Wamuyu hakumuuliza.

Ilikuwa gas, na haikuwa gas. Jamleck, kijana wao aliye Nairobi, alikuwa amewaletea meko na mtungi, na chai na ugali zilipikwa hapo, ndani ya nyumba, kama kwa watu wa kisasa. Lakini githeri ni githeri. Githeri, mahindi kwa maharagwe, unaitia motoni asubuhi unaisahau mpaka mchana, na nani atawasha gas aisahau? Kwa hivyo nyuma ya nyumba palikuwa na jiko la mabati, mawe matatu, na kuni za mkaratusi zilizopangwa vizuri kuliko vitabu vya mwalimu. Daktari hakuuliza habari za githeri. Aliuliza mnapikia nini, akajibiwa.

"Mapafu kama haya," daktari akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, "tunayaona kwa watu waliokaa na moshi wa kuni miaka mingi."

Wangare alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya uji. Wangare ni dada yake Gathogo, wa tumbo moja, mwanamke mnene wa polepole ambaye hajawahi kupaza sauti. Hata siku hiyo hakusema kitu, na Wamuyu akausikia ule unyamavu njia nzima mpaka mtaani kwao Free Area.

Sasa, kule nyuma ya plot yao, ng'ambo ya ukuta, palikuwa na kiwanda. Si kiwanda cha kujivunia. Mtu alikuwa amejenga banda refu, akaweka mitambo, akawa ananunua plastiki zote za Nakuru, mitungi, viatu vya ndala, viti vilivyovunjika, anaziyeyusha na kutengeneza nguzo za ua. Zikiyeyuka zilitoa moshi mweusi wenye harufu tamu ya kuchefua, na upepo ukitoka upande wa ziwa moshi huo uliingia kwa Wamuyu bila kupiga hodi. Nguo nyeupe zilikunjwa zikiwa za kijivu. Na Gathogo alianza kukohoa mwaka uleule kiwanda kilipowasha moto. Wamuyu alijua hivyo kama anavyojua jina lake. Tatizo ni kwamba kujua kwake hakukuwa kwa kupimwa, na siku hizi kitu kisichopimwa watu wanakiita maneno ya akina mama.

Yeye si mtu wa kuambiwa mambo yake ni maneno ya akina mama. Shule aliiacha darasa la pili. Biblia anaisoma kwa kidole, neno kwa neno, na ukimharakisha anaifunga. Lakini mwaka ule wa vita vya kikabila walipofukuzwa Olenguruone, nyumba ikichomeka nyuma yao, ni yeye aliyetoka na watoto na sindano ya kufumia, na ni hiyo sindano iliyowalisha hapa mjini kabla Gathogo hajapata kazi ya ulinzi. Alifuma vitambaa. Vya kiti, vya meza, vya redio, vya televisheni. Wake za walimu walimjua, wake za wachungaji walimjua. Binti akiolewa Free Area, Wamuyu ndiye aliyemvalishia sebule. Kwake mwenyewe hapakuwa na kitu uchi. Hata mtungi wa maji ulikuwa na kofia. Alikuwa akisema nyumba isiyo na vitambaa ni kama mtu aliyetoka bafuni akasahau kuna wageni.

Basi wakaja watu wa chuo kikuu. Walizungumza kanisani baada ya ibada: wanataka kuweka mashine ndogo za kupima hewa ndani ya nyumba za watu, bure, mwaka mzima, wajue moshi unaoingia kwenye vifua vya watu wa mtaa huu unatoka jikoni au unatoka nje. Mwisho wataandika ripoti na kuisoma mbele ya watu wote. Wanawake wengine walitazamana. Wamuyu aliinua mkono kabla mtu hajamaliza kutafsiri.

"Wekeni kwangu."

Aliyekuja kuiweka aliitwa Nabalayo, msichana mrefu wa kutoka Bungoma, mwenye buti na mkoba wa vyuma. Mashine yenyewe ilikuwa ndogo kama mkate wa nusu, nyeupe, na chini yake ilikuwa na vitundu viwili vilivyokaa pamoja kama pua.

"Mbona matundu mawili?" Wamuyu akauliza.

"Ziko sensor mbili, mathe. Sema ni macho mawili. Yote yanavuta hewa ileile, kila moja linahesabu vumbi la moshi kivyake. Halafu tunalinganisha."

"Moja halitoshi?"

"Moja likiharibika utajuaje? Litaendelea kukuambia uongo na wewe unaandika tu. Yakiwa mawili, moja likisema thelathini na lingine thelathini na mbili, najua yameona kitu kimoja. Nachukua katikati. Hata kama hewa ni safi na moja limesema tatu na lingine tano, hiyo si kitu, hapo chini hata mimi na wewe tungekosana. Lakini moja likisema kumi na lingine themanini..."

"Unaamini la themanini."

Nabalayo akacheka. "Hapana, cucu," akasema, akimwita bibi kwa Kikuyu. "Natupa yote mawili."

"Yote?" Wamuyu akaweka mikono kiunoni. "Watoto wawili wakigombana unawafukuza wote nyumbani?"

"Mtoto naweza kumuuliza. Hii siwezi kuiuliza. Nikianza kuchagua jicho ninalolipenda, mwenye kiwanda atasema nimechagua, na atakuwa amesema ukweli."

Wamuyu hakulipenda jibu hilo, lakini alilikumbuka. Akamvuta Nabalayo karibu, Gathogo asisikie, akamwambia jambo alilokuwa amelipanga tangu kanisani. Jumapili yeye hawashi kuni. Chakula cha Jumapili hupikwa Jumamosi, hivyo ndivyo mama yake alivyomfundisha. Na kiwanda hakijui Jumapili. "Kwa hivyo wewe angalia Jumapili," akasema. "Mashine ikiona moshi Jumapili, huo si wangu. Na hiyo ripoti yenu iseme hivyo, kwa sauti."

"Ikiuona itasema. Ila usiweke kitu juu yake, sawa? Usiizibe."

"Niweke nini juu yake? Hata sufuria haitakaa hapo."

Nabalayo alipigilia misumari akaenda. Mashine ikabaki ukutani juu ya redio, nyeupe, na kamba yake ya umeme ikining'inia. Wamuyu aliivumilia siku chache. Wageni wakija, macho yao yalienda pale. Ilikuwa kama mtu amesahau sahani ukutani. Akatafuta uzi wa sweta uliobaki, wa rangi ya maziwa, akafuma kitambaa kidogo cha maua manne, chenye nyuzi ndefu za kuning'inia pembeni. Kikakaa juu ya mashine kama kimezaliwa hapo. Nyuzi zilishuka upande mmoja hadi chini, zikicheza kidogo kila mlango ulipofunguliwa.

Alikuwa ameambiwa asiweke kitu juu yake, ndiyo. Lakini kitambaa si kitu. Kitu ni sufuria, ni maua, ni kalenda. Kitambaa ni heshima.

"Umeivalisha sweta," Gathogo akasema kutoka kwenye kiti chake. "Itapumulia wapi?"

"Wewe pumua yako," akamjibu, na wote wawili wakacheka mpaka kicheko cha Gathogo kikageuka kikohozi.

Nabalayo alirudi mara ya kwanza siku ya kufua. Kabla ya mgeni kuja Wamuyu huvua vitambaa vyote, anavifua, anavitia wanga, anavianika, na msichana akafika vikiwa bado kwenye kamba. Akaikuta mashine iko uchi. Alipuliza vumbi, akatazama simu yake, akasema macho yalikuwa yameanza kupishana lakini sasa yamekaa sawa. Akanywa chai. Alipoondoka vitambaa vikarudi mahali pake.

Baadaye akapiga simu. "Cucu, shikamoo. Macho yako yanabishana tena."

"Macho yangu yanaona vizuri. Juzi nimetunga uzi kwenye sindano bila miwani."

"Macho ya mashine, cucu. Moja liko juu sana, lingine liko chini kabisa. Siwezi kutumia namba za nyumba yako. Nije niangalie?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa sababu ya neno moja tu, nyumba yako. Wamuyu aliona kitandani mtu wake anahema kama mbwa aliyekimbia, akamwona Wangare sebuleni ameshika kikombe, masikio yamesimama, na sasa binti wa watu anamwambia kwa simu kwamba nyumba yake haiaminiki.

"Moja liko juu hata Jumapili?" akauliza, kwa sauti ya chini.

"Hata Jumapili. Lakini lingine..."

"Basi limeona. Andika hilo."

"Siwezi, cucu. Nilikuambia. Acha nije."

"Unataka kusema nyumba yangu inasema uongo?"

"Sijasema hivyo."

"Mzee ni mgonjwa. Sitaki watu na ngazi na vyuma hapa. Mashine mliiweka wenyewe, mkaifunga wenyewe, na sasa imeona mnachoogopa kuona, mnasema ni mbovu." Akakata simu. Nabalayo akapiga tena siku nyingine, na nyingine tena. Wamuyu aliitazama simu ikilia mpaka ikanyamaza. Msichana alifika hadi getini mara moja, akaambiwa mzee amelala. Hakuwa amelala. Alikuwa amekaa kitandani, mgongo umeegemea mito, anatafuta hewa kama mtu anayetafuta funguo.

Hewa hiyo hakuipata. Gathogo alikufa msimu wa mvua ndefu, asubuhi, uji ukiwa bado moto.

Siku ya mazishi wanawake walikuwa nyuma ya nyumba wakimenya viazi. Wamuyu alikuwa ndani kwa desturi, mjane haonekani jikoni, lakini alitoka kwenda chooni akapita karibu na lile jiko la mabati, na akasikia sauti ile ya polepole.

"Kaka yangu hakuuawa na ugonjwa," Wangare alikuwa akisema, bila hasira, kama mtu anayeelezea bei ya sukari. "Aliuawa na hapa tulipokaa. Angalia hizi bati zilivyo nyeusi."

"Wangare," Wamuyu akasema. "Rudia."

Visu vikasimama.

"Mama Jamleck, pole. Sikujua uko hapo."

"Sasa umejua. Rudia."

"Nimesema daktari alivyosema."

"Daktari alisema kwa kukisia. Mimi nina mashine." Na hapo, mbele ya wanawake wote wa kanisa, na shuka ya kufiwa mabegani, akasema maneno ambayo baadaye alitamani kuyarudisha tumboni. "Ripoti ikisomwa, njooni wote mkae pale mbele. Mashine ikisema ni jiko langu, nitalibomoa jiko hili kwa mikono yangu na nitakuomba msamaha mbele ya madhabahu. Ikisema ni kiwanda, wewe utaniomba mimi."

"Sawa," akasema Wangare. Akaokota kiazi kingine.

Ripoti ilichukua muda. Ilipokaribia, kiwanda kilikuwa kimeshaondoka. Hakuna aliyekifukuza. Mwenyewe alipata shamba kubwa upande wa Longonot, karibu na reli, akafungasha mitambo yake kwenye malori, na plot akamuuzia mtu wa kujenga nyumba za kupangisha. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, asubuhi za Free Area zilinuka udongo na maandazi. Wamuyu hakufurahi. Alisimama kando ya ukuta akitazama banda likivunjwa bati kwa bati, na alijisikia kama mtu aliyekuja kortini akakuta mshtakiwa amepanda gari.

Siku ya ripoti ukumbi wa kanisa ulijaa. Wangare alikaa mstari wa mbele, kama alivyoambiwa. Mkubwa wa watu wa chuo aliongea kwa utaratibu. Akasema hakuna jibu moja kwa mtaa mzima. Kuna nyumba ambazo moshi mwingi ulitoka nje, nyingine ulitoka jikoni, hata nyumba zinazopakana kwa ukuta hazikufanana, maana inategemea dirisha liko wapi na watu wanaishije. Kila nyumba ingesomewa yake. Wakasoma ya Owuor, mzee wa reli aliyestaafu, jirani wa pili: macho yalipatana mwaka mzima, na moshi wa kwake ulikuwa wa kiwanda. Owuor akasimama akapunga kofia kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Mke wake akajifuta macho. Wamuyu alimtazama yule mama akijifuta na akamwonea wivu ambao hajawahi kumwonea mtu mwenye gari.

Kisha wakafika kwake. Yule mkubwa akageuza karatasi.

"Nyumba hii haikuhesabiwa. Vipimo viwili havikukubaliana kwa kiwango kinachotakiwa, karibu mwaka wote. Tunaomba radhi kwa familia."

Ni hayo tu. Akaendelea na nyumba nyingine.

Wamuyu alisimama. "Jicho moja liliona!" akasema, na sauti yake ikagonga bati. "Jumapili kwa Jumapili liliona! Msichana wenu alinieleza kwa simu. Semeni!"

"Mama, tutakuja nyumbani tuongee."

"Semeni hapa!"

Nabalayo alikuwa amesimama karibu na mlango, akitazama buti zake. Jamleck, aliyekuwa ametoka Nairobi kwa ajili ya siku hiyo, akamshika mama yake mkono akamkalisha, kwa upole, kama mtu anavyomkalisha mlevi. Huo upole ndio uliomuuma zaidi.

Nabalayo alikuja kesho yake. Safari hii Wamuyu alimfungulia, maana hakubaki na cha kulinda. Hakufua kitu, hakutia wanga, hakuweka chai. Msichana aliingia sebuleni, akainua macho ukutani, akasimama.

"Cucu," akasema. "Hiyo imekaa hapo tangu lini?"

"Nini?"

"Hiyo nguo."

"Kitambaa? Tangu mwanzo."

Nabalayo alipanda kwenye kiti, akakitoa kile kitambaa polepole, akampa Wamuyu mkononi, kisha akaishusha mashine, akaiweka mezani na kuifungua kwa bisibisi. Ndani yake, kwenye tundu la upande wa nyuzi, palikuwa na fungu la uzi wa rangi ya maziwa, limejikunja kama kiota. Feni ndogo ya kuvuta hewa ilikuwa imeunyonya, kidogo kidogo, kila mlango ulipofunguliwa. Tundu la pili lilikuwa safi.

Wamuyu alikuwa mwanamke wa haraka kuelewa, aliposhindwa ni kwenye kusoma tu. "Hilo safi," akasema. "Hilo ndilo lilisema juu?"

"Hapana. Lenye uzi ndilo lililokuwa juu. Ndani kuna mwanga mdogo, moshi ukipita linauhesabu. Uzi ukikaa mbele ya mwanga, linahesabu uzi. Linadhani ni moshi, usiku na mchana, Jumatatu na Jumapili."

"Kwa hivyo..." Akalinyooshea kidole tundu la pili. "Kwa hivyo hilo safi ndilo la kweli. Lililosema hakuna moshi."

Msichana angeweza kunyamaza hapo. Lakini alitikisa kichwa. "Hilo nalo lilikuwa linapumua kupitia kitambaa. Kitambaa kilikuwa kinalichujia hewa. Cucu, hata moja halikuiona nyumba hii. Si kwamba moja lilikutetea na moja likakushtaki. Yote mawili yalikuwa yanaangalia uzi wako."

Nje mbuzi alilia. Wamuyu aligeuza kile kitambaa mkononi, maua manne, kazi safi, hakuna fundo hata moja lililokosewa.

"Si ungeniambia," akasema hatimaye.

"Nilikupigia simu, cucu. Nikaja mpaka getini."

"Uliniambia nisiweke kitu. Hukuniambia kitambaa."

"Ni kweli. Sikujua ningehitaji kusema."

Nabalayo alikuwa na macho mapya kwenye mkoba. Akayafunga, akairudisha mashine ukutani, akangoja na simu mkononi. Baada ya kitambo akatabasamu kidogo, akainamisha simu Wamuyu aone, namba mbili zilizofuatana kama ndugu. "Saba na saba nukta kitu. Yanapatana kabisa. Hewa yako ni nzuri sasa."

"Yanasema nini kuhusu Baba Jamleck?"

"Hayasemi, cucu. Kiwanda kimeondoka na mzee ameondoka. Hata nikikaa hapa miaka kumi, siwezi kupima mwaka uliopita."

"Basi yaondoe."

"Lakini sasa yanafanya kazi vizuri..."

"Yaondoe. Yanapatana kwa faida ya nani?"

Jioni ile Jamleck alimkuta mama yake ameketi kwenye ngazi ya mlango, uso umeelekea kwenye plot tupu ya kiwanda. Akakaa karibu naye. Alikuwa kijana mzuri, Jamleck, na tabia yake mbaya moja ni kwamba anapenda mambo yaishe.

"Mama, Wangare anakuja Jumamosi kwa maombi ya Baba. Atauliza."

"Najua atauliza."

"Mwambie mashine imetengenezwa na imesema ni kiwanda. Nani atamuuliza mtu wa chuo? Si hata wewe unaamini ni kiwanda?"

"Naamini."

"Sasa uongo uko wapi?"

Wamuyu alitaka kumwambia mtoto wake jambo kuhusu kuamini na kujua, lakini hakuwa na maneno yake. Alijua tu kwamba akiiba ushindi huu, Wangare ndiye atakayekuwa amesema kweli hata akiwa amekosea. "Baba yako alikaa na mimi miaka hiyo yote," akasema. "Hakuwahi kunikuta nimesema uongo kwa watu wake. Isipokuwa ule wa gas."

"Gas gani?"

"Achana nayo."

Jumamosi walikuja, si wengi, watu wa ukoo na wa kanisa. Walikaa sebuleni magoti yakigusana. Chai ikazunguka, mikate ikazunguka. Wangare alikuwa na nguo nyeusi iliyopigwa pasi vizuri. Alingoja mpaka vikombe viwekwe chini, ndipo akasema, polepole kama kawaida yake, "Mama Jamleck, nilikaa pale mbele ulivyoniambia. Nikasikia haikuhesabiwa. Nimesikia tena kwamba binti alirudi. Mashine ilisema nini mwishowe?"

Jamleck alikuwa akimtazama mama yake. Sebule nzima ilikuwa ikimtazama.

"Haikusema kitu," akajibu Wamuyu.

"Kabisa?"

"Macho yake hayakupatana. Mimi niliiwekea kitambaa, uzi ukaingia ndani. Walichopima ni uzi."

Mama mmoja wa kanisa alitoa sauti ndogo, akaificha kwa kikohozi.

"Kwa hivyo si kiwanda," Wangare akasema.

"Sikusema si kiwanda."

"Lakini hukusema ni kiwanda."

"Sikusema. Na sikusema ni jiko. Nimesema haijulikani, Wangare. Haijulikani, na haitajulikana, na jiko langu halibomolewi kwa kitu kisichojulikana."

Wangare alimtazama kwa huruma. Angemtukana ingekuwa afadhali. Angepiga kelele, Wamuyu angejua pa kushika. Lakini yule mwanamke alinyoosha mkono wake mnene akampigapiga mkono mara mbili, kama mtu aliyepata jibu alilolitaka na hana haja ya kulisukuma zaidi. "Haya," akasema. "Tumwombee."

Wote wakasimama. Wangare ndiye dada mkubwa, Wangare ndiye aliyeomba. Aliomba kwa Kiswahili, kwa ajili ya majirani waliokuwapo. Alishukuru kwa maisha ya kaka yake. Aliomba watoto wabarikiwe. Kisha akasema, kwa sauti yake isiyopanda, "Na Bwana, uwasamehe wote waliomkosea ndugu yetu bila kujua wanafanya nini."

"Amina," sebule ikasema.

Kukawa na nafasi. Walikuwa wakimngoja mjane. Wamuyu alisimama wima, mdomo umefungwa, kidevu juu. Kusema amina ni kukubali. Na akikataa, alijua vizuri kila mmoja hapo angelichukuliaje jambo hilo, na nani angelisimulia kwanza wakifika barabarani. Jamleck akamgusa kiwiko.

Hakusema. Nafasi ikawa ndefu, mtu akasukuma kiti, na Wangare, bila kufungua macho, akamsemea ile amina.